Grisi ya Bluu

Jina lake la kuzaliwa lilibaki kwenye kitambulisho na kwenye orodha ya wafanyakazi. Kwingine kote aliitwa Kidole. Madereva ndio waliompa jina hilo, kwa sababu hakupaka grisi mahali popote kabla ya kuichota kidogo kwa kidole cha shahada, kuisugua na dole gumba, kuinusa, kisha kuitikia kwa kichwa kama mpishi aliyeonja mchuzi ukamridhisha. Walimtania kwamba ukimpa mkono asubuhi, unateleza mpaka jioni. Mkewe, mshonaji wa sare za shule, alikuwa amemkataza kugusa kitambaa chochote chenye rangi nyepesi tangu mwaka walipooana.

Alikuwa fundi wa grisi katika karakana ya kampuni yenye malori kumi na matano. Miaka ishirini na miwili aliifanya kazi hiyo moja, na hakuwahi kuona kwamba ni ndogo. Asiyeijua huidharau. Hudhani grisi ni grisi, unapaka tu chuma kisipige kelele. Kidole alijua kwamba lori lenye tani thelathini mgongoni lina viungo vingi, na kila kiungo kina shida yake. Pale kichwa cha lori kinapokamata tela, alipaka grisi nyeusi, nzito, inayobaki katikati ya vyuma hata uzito ukiikamua. Kwenye springi na vibushi vya chini, vile viungio vya springi vinavyorushiwa maji na tope kutwa, alipiga kwa bomba ile ya njano, ambayo haikosheki na maji. Na kwenye beringi za magurudumu, ndani kabisa ya habu, yaani kitovu cha gurudumu, ambamo joto la breki linaweza kumbabua mtu, aliweka ya bluu, kwa kuwa hiyo haiyeyuki. Nyeusi, njano, bluu. Aliyemfundisha alimfundisha hivyo, naye hakuwa na sababu ya kutaka zaidi.

Mwaka ule muuzaji wao wa siku zote alifunga biashara. Mtunza stoo, mwanamke wa miaka thelathini na kitu ambaye karakana nzima ilimwita Dada wa Stoo, akatafuta muuzaji mwingine, na siku moja zikaletwa ndoo mpya za aina mbili: za grisi ya bluu, na za grisi nyekundu iliyoiva kama udongo wa matofali. Dada wa Stoo alimwita Kidole, akamwambia kwamba hawa ni watengenezaji wengine kabisa, maandishi yako nyuma ya ndoo, ayasome kwanza kabla ya kuanza kazi.

Madereva watatu walikuwa wamesimama kwenye dirisha la stoo wakisubiri vipuri. Labda wasingekuwepo, mambo yangekuwa mengine. Kidole aliufungua mfuniko wa ndoo ya bluu, akachota, akasugua, akanusa.

"Dada," alisema, "mimi husoma kwa kidole."

Madereva walicheka. Dada wa Stoo naye alitabasamu, akamsogezea kitabu atie sahihi. Kidole akaondoka na ndoo zake mbili: ya bluu kwa magurudumu, na ile nyekundu, aliyoikadiria tu kwa kuwa njano haikuwepo, kwa springi na vibushi.

Katika wiki tatu zilizofuata malori sita yalifika kwa zamu ya kufunguliwa magurudumu. La kwanza lilikuwa la shemeji yake, mdogo wa mkewe. Huyu aliitwa Polepole, na jina lilimkaa kama kofia. Madereva wenzake walilalamika kwamba ukijikuta nyuma yake mlimani, bora usimame upike ule. Lakini miaka kumi na tisa alikuwa hajakwaruza hata kioo cha pembeni. Alikuwa amefiwa na mkewe, watoto wameshajitegemea, na kila alipokuwa hana safari alikula kwa dada yake. Kidole alimpenda. Zile beringi alizipaka kwa mikono yake mwenyewe, akaishindilia grisi kila upenyo, akafunga, akampigia bodi makofi mawili kama kawaida yake, na Polepole akaondoka.

Ajali ilitokea Jumapili. Lori lilikuwa limebeba saruji, likishuka mtelemko mrefu unaopita kando ya shule ya msingi. Polepole alisema baadaye kwamba alinusa kitu kinaungua, akatazama kioo, akaona moshi upande wa kushoto, kisha gurudumu la tela likamtangulia barabarani. Lilivuka mtaro, likaruka ukuta wa shule, likaenda kusimama katikati ya uwanja ambao siku za kazi hujaa watoto. Lori lilielemea upande, likalala mtaroni, likashika moto. Waliomtoa walimtoa mzima, lakini mguu wa kushoto ulikuwa umevunjika mahali pawili.

Mkaguzi wa magari alikuta breki zimeungua na habu imekuwa mkaa. Akaandika kile kinachoandikwa mara nyingi: dereva alishuka kwa gia kubwa, akakalia breki mpaka zikawaka. Leseni ikachukuliwa. Kampuni ikamsimamisha kazi. Huko karakana watu walitikisa vichwa kwamba kumbe hata Polepole.

Kidole hakuamini. Kwa hiyo lori lilipovutwa hadi uani Jumanne, alichukua jeki na spana, akafungua gurudumu la upande wa pili, ambalo moto haukulifikia. Alitaka kumtetea shemeji yake. Alitarajia kukuta breki nzima, aende nazo kwa meneja.

Alipoivuta habu, grisi ilimmwagikia mikononi kama uji. Ilikuwa imepita kwenye sili, ule mpira wa kuizuia isitoke, na kutapakaa hadi kwenye breki. Beringi zenyewe zilikuwa kavu, zimebadilika rangi kama sufuria iliyosahaulika jikoni.

Alikaa chini pale pale kwenye saruji. Baadaye alikwenda kwenye ndoo ya bluu, akachota tone moja. Akatafuta kopo la zamani lililobaki na grisi kidogo chini kabisa, nayo akachota tone. Mlinzi alikuwa na jiko la mkaa ambalo alichemshia chai. Kidole akaomba nafasi, akaweka kipande cha bati juu ya mkaa, na matone mawili kandokando. Yote mawili yalikuwa bluu, na hata yeye mwenyewe asingeweza kuyatofautisha. Punde tone jipya lilianza kung'aa, likalainika, likatiririka mpaka ukingoni na kudondokea mkaani. La zamani lilibaki pale pale limekaa kama kidonge. Mlinzi akauliza anapika nini.

Ndipo alipoigeuza ndoo. Aliyashika maandishi mbali, akayasogeza karibu, akashindwa, akaenda kuazima miwani ya mlinzi. Ilisema ni grisi ya viungo vya chini vinavyopata maji. Ilisema isitumike kwenye beringi za magurudumu wala popote penye joto kali. Ile nyekundu, aliyokuwa akiimalizia kwenye springi, ndiyo iliyoandikwa kuwa ya magurudumu. Rangi ilikuwa rangi tu; kila mtengenezaji hutia anayoipenda. Grisi sahihi ilikuwemo karakana siku zote, hatua mbili kutoka mkono wake.

Hapo angeweza kwenda moja kwa moja kwa meneja. Alisimama, akanawa, akaelekea upande wa ofisi, akafika kwenye ngazi. Akafikiria miaka ishirini na miwili. Akafikiria vile vicheko vya dirishani. Akamfikiria mkewe, ambaye saa ile alikuwa hospitali akimlisha mdogo wake kwa kijiko. Akajiambia kwamba malori matano mengine yana grisi ile ile na yako barabarani, kwamba la muhimu ni kuyawahi hayo kwanza, na maneno yatafuata. Ilisikika kama busara. Akarudi karakana.

Malori yalikuwa yakirudi moja moja. Kila lililoingia Kidole alilipokea getini, akasema kuna ukaguzi wa ziada baada ya ajali, akafungua magurudumu yote, akaosha beringi kwa dizeli, akazikausha, akazipaka ile nyekundu. Madereva walimsifu kwa uangalifu wake. Sifa zile zilimwingia kama miba. Alipokwenda kuomba ndoo nyingine nyekundu, Dada wa Stoo alimtazama zaidi kidogo kuliko kawaida.

"Hii si ulikuwa unaipeleka kwenye springi?"

"Nimebadilisha," Kidole alisema.

Dada wa Stoo aliandika kitabuni mwake taratibu, akampa.

Karakana ilikuwa afadhali. Nyumbani ndiko kulikomtesa. Polepole aliruhusiwa kutoka hospitali baada ya siku nane, na kwa kuwa nyumbani mwake hapakuwa na mtu wa kumwangalia, mke wa Kidole alimleta kwao. Wakamtandikia kwenye kochi refu la sebuleni, mguu juu ya stuli, jirani na cherehani. Hapo alishinda akiirudia ile safari. Alihesabu gia kwa sauti ndogo. Alitoka na gia ya nne, akapunguza kwenye kibao cha kwanza, akapunguza tena penye kona, breki akaigusa mara tatu, hapana, mara nne. Alichora mtelemko nyuma ya karatasi za mitindo za dada yake. Alikuwa mtu anayetafuta kitu ndani ya chumba ambacho kitu hicho hakimo, na Kidole alikaa naye chumbani humo akijua.

Jioni moja kabla ya chakula, Polepole aliweka penseli chini.

"Shemeji, wewe unayajua magari kuliko mimi. Mtu anaweza kukalia breki bila mwenyewe kujua?"

Mkewe Kidole alikuwa akikata uzi kwa meno. Alisimamisha mkono ili asikie jibu.

Kidole angeweza kunyamaza. Angeweza kusema hajui. Badala yake ulimi ulimponyoka.

"Uchovu, shemeji. Uchovu unamfanya mtu asijue mguu wake uko wapi."

Polepole alifikiri sana. "Kweli nilikuwa nimelala kidogo usiku ule," akasema. Na tangu siku hiyo hakuchora tena. Kila aliyekuja kumjulia hali alimwambia mwenyewe, bila kuulizwa, kwamba alikuwa amechoka, kwamba kosa ni lake, na kwamba anamshukuru Mungu ilikuwa Jumapili na watoto hawakuwepo uwanjani. Alipolitaja lile gurudumu na ule uwanja, Kidole alitoka nje kila mara, akisingizia simu.

Alianza kukonda. Mkewe alidhani ni huzuni kwa ajili ya mdogo wake, akampenda zaidi kwa hilo, akamwekea kipande kikubwa cha nyama. Kidole alijikaza kisabuni, akajiambia limebaki lori moja tu, likiisha hilo atasema.

Lori hilo la mwisho liliendeshwa na kijana aliyeitwa Baba Pacha, kwa kuwa mkewe alijifungua pacha mwaka uliopita, naye hakuwa na habari nyingine ya kuzungumza. Alitarajiwa kurudi Alhamisi. Alhamisi asubuhi Kidole alifika mapema, akapanga spana zake, akasubiri getini. Saa nne akaenda kuangalia ubao wa safari. Jina la Baba Pacha lilikuwa limefutwa na kuandikwa upya: amepata mzigo hukohuko, vyuma vya ujenzi, anaendelea mbele, kurudi baada ya siku kumi na mbili. Njia waliyoiandika ilikuwa na mtelemko mkali kuliko ule wa shule.

Kidole alisimama mbele ya ubao mpaka karani akamuuliza kama anaumwa. Hakuwa na namba ya Baba Pacha, na hata angekuwa nayo, fundi wa grisi hana uwezo wa kusimamisha lori lenye mzigo wa mtu. Hapakuwa tena na njia ya kuzunguka. Akapiga moyo konde, akapanda zile ngazi.

Meneja alikuwa mtu mtaratibu, mwenye tabia ya kufunika kalamu kabla ya kusikiliza.

"Bosi, msimamishe Baba Pacha," Kidole alisema. "Asiteremke mlima wowote. Magurudumu yake nimeyatia grisi isiyofaa."

"Umejuaje kwamba haifai?"

"Kwa sababu ndiyo niliyomtilia Polepole."

Meneja alichukua simu. Iliita bila kupokelewa, kisha ikawa haipatikani kabisa. Akampigia karani, karani akawapigia madereva wengine wa njia ile, na kwa saa mbili nzima Kidole alisimama pale ofisini akiwa na kofia mkononi, kwa kuwa hakuna aliyemwambia akae wala aondoke. Dada wa Stoo aliitwa na kitabu chake. Aliingia, akasikia, akaenda kusimama upande wa pili wa meza. Hakumtazama Kidole, na hakusema kwamba alimwambia asome. Kidole angependa aseme.

Saa saba kasoro Baba Pacha alipatikana. Alikuwa kwenye foleni ya mizani, kilomita tisa kabla ya mtelemko. Meneja alimwambia ashuke akaweke kiganja karibu na habu za tela. Waliisikia pumzi yake akizunguka lori. Akarudi kwenye simu akasema za kushoto hazishikiki, na kuna kitu cha bluu kinachuruzika kwenye rimu. Akauliza kuna nini. Meneja akamwambia azime gari, atoke, asiliguse mpaka fundi afike.

Alipokata simu alimgeukia Kidole. "Umejua tangu lini?"

"Tangu siku ile gari lilipovutwa."

Meneja alimsogezea karatasi, akamwambia aandike yote. Kidole aliandika kwa mkono wake, ukurasa mmoja na nusu, na alipofika kwenye siku akazihesabu kwanza: zilikuwa ishirini na tatu.

Alifika nyumbani jua likiwa bado juu, jambo lililomfanya mkewe asimamishe cherehani kabla hajasema neno. Polepole alikuwa kwenye kochi akimenya viazi ndani ya beseni, kwa kuwa alikuwa amechoka kukaa bure. Kidole hakukaa. Aliwaeleza akiwa amesimama: ndoo, maandishi, bati juu ya jiko la mlinzi, malori manne aliyoyatengeneza kimyakimya, na la tano. Alimaliza kwa kusema kwamba Polepole hakukalia breki, na hakuwa amechoka.

Polepole aliendelea kumenya kiazi alichokuwa amekishika mpaka kikaisha, akakitia kwenye maji. Mke wa Kidole ndiye aliyezungumza.

"Grisi umekosea, binadamu hukosea," alisema. "Lakini ulikaa hapa. Ulimsikia akijilaumu mbele ya wageni, nawe ukamshikisha hilo neno la uchovu kwa mkono wako. Siku ishirini na tatu, baba. Na mimi nakuwekea nyama."

Polepole akaomba magongo yake. Akamwambia dada yake ampigie dada yao mkubwa, aje amchukue kwa gari la jirani. Wakati wakisubiri alitazama dirishani. Mara moja tu alifungua mdomo, akauliza kama lile la Baba Pacha limesimama kweli. Kidole akamwambia limesimama. "Vizuri," akasema, akarudisha macho dirishani mpaka gari likafika.

Mambo ya karatasi yalinyooka upesi kuliko ya watu. Mkaguzi alirudi, akafunguliwa habu iliyobaki, akaandika upya, na leseni ya Polepole ikarudishwa. Lakini mguu ulipona mfupi, haukuweza kukanyaga klachi siku nzima, na leseni ile akawa nayo mfukoni bila gari. Kampuni ikampa kazi ya kupanga safari, pale pale kwenye ubao. Kidole hakufukuzwa. Wengine walisema bora angefukuzwa. Alivuliwa kazi ya grisi, akapewa ya kuosha vipuri, chini ya Dada wa Stoo, na fundi mpya akaletwa. Kila ndoo ilipoingia, Dada wa Stoo alimwita Kidole amsomee kwa sauti maandishi yote ya nyuma mpaka mstari wa mwisho, yeye akiandika. Hakuifanya kumkomoa. Alitaka yaandikwe. Kidole alinunua miwani.

Jina lake nalo likabadilika taratibu. Hakuna aliyeamua, ila madereva waliacha kumwita Kidole, wakawa wanamwita "mzee" tu, kama mtu yeyote. Waliacha na ule utani wa mkono.

Mkewe alihamia chumba cha binti yao aliyeolewa, akakaa huko miezi minne. Alimpikia, alimfulia, alimjibu alipoulizwa. Siku moja Kidole aliporudi kutoka kazini alikuta mto wake umerudi mahali pake, na hakuthubutu kuuliza kwa nini.

Polepole na Kidole walionana kila siku ya kazi, mmoja kwenye ubao, mwingine kwenye karai la dizeli, na kwa muda mrefu hawakupita salamu ya asubuhi. Baba Pacha, aliyekuwa na deni la uhai kwa mmoja na kinyongo naye huyohuyo, alijaribu mara mbili kuwapatanisha kwa soda. Mara zote mbili Polepole alikunywa, akashukuru, akarudi ubaoni.

Kisha Jumamosi moja mwishoni mwa mwaka, alasiri, mlango ulibishwa. Kidole alifungua akamkuta Polepole amesimama na fimbo, ameegemea upande mmoja, jasho linamtoka kwa kupanda kile kilima cha mtaani. Ndani, cherehani ilinyamaza.

"Bado nina hasira, shemeji," Polepole alisema. "Nimekuja nayo."

"Karibu nayo," Kidole alisema, akampisha mlangoni.

Polepole aliingia, akalipita lile kochi, akachagua kiti kingine. Dada yake aliweka maji ya chai motoni. Walizungumza habari za mvua iliyochelewa, na za pacha walioanza kutembea, na chai ilipokuja Polepole aliinywa yote, akaomba kikombe cha pili.